MREJESHO: Mkono wa roboti uliokuwa unavurugika kila upana wa fremu ukibadilika

Wakuu, asanteni sana. Swali lilikuwa la Onshape, programu ya kusanifu vipande vya 3D: nikibadilisha upana wa fremu, viunganishi vya mkono vinakatika na gia zinaingiliana.

Dawa ilikuwa ule mchoro mkuu mmoja mlionishauri. Upana wa fremu, mhimili wa mkono na vitovu vya magurudumu vyote viko humo, na kila kipande kinachukua vipimo vyake hapo, si kwenye uso wa kipande jirani. Nimeshusha upana kutoka mm 400 hadi 380, vyote vikafuata.

Gia nazo, umbali kati ya vitovu vyake ni moduli (kipenyo cha gia kugawanya kwa idadi ya meno yake) mara jumla ya meno ya gia zote mbili, gawanya kwa 2. Moduli 1, meno 20 na 60, vitovu vinaachana mm 40. Kwa kuwa ni za kuchapishwa kwa printa ya 3D nimeongeza mm 0.1 kwenye umbali huo, zinazunguka laini. Tundu la beringi ya 608, yenye kipenyo cha nje cha mm 22, lilikubali kwa mm 22.2. Printa hazifanani, chapisha kipande kidogo cha majaribio kwanza.

Kilichogoma ni kitovu cha uzito. Modeli za mota na betri zinazopakuliwa mara nyingi huja bila uzito sahihi, kwa hiyo hesabu ya programu ilidanganya. Nimepima kila kifaa kwenye mizani na kuingiza uzito wake kwa mkono, kisha betri ikahamia nyuma. Nafuu ipo, ila mkono ukinyooka mlalo na mzigo, magurudumu ya nyuma bado yananyanyuka.