Mimba ya wiki 7, maumivu upande mmoja na matone ya damu: nisubiri kliniki?

Binti wa Pasua
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Moshi, mimba ya kwanza, nikihesabu tangu hedhi ya mwisho naelekea wiki ya 7. Natapika mno, hata mtori wa mama mkwe haukai tumboni. Hilo navumilia. Ila tangu juzi nasikia maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, yanakuja na kuondoka, na nimeona matone ya damu ya kahawia. Mama mkwe anasema mimba changa ndivyo ilivyo, nisiitangaze kabla ya miezi mitatu. Nilipanga kuanza kliniki wiki ya 12. Nisubiri?

Dada Kiborloni
Pole mwaya. Mimi yalinitoka hivyohivyo, nikapumzika, na mwanangu sasa yuko chekechea. Usibebe ndoo za maji tu.

Mkunga mstaafu
Marahaba binti yangu. Nenda hospitali leo, wala usingoje kesho. Matone peke yake wengi huyapata na mimba ikaendelea vizuri, dada hapo juu anasema kweli. Kinachonitia wasiwasi ni damu pamoja na maumivu ya upande mmoja, na hakuna aliyeona mimba yako imekaa wapi. Mimba ikitunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija, kipimo cha mkojo husoma mistari miwili vilevile na kichefuchefu unakipata vilevile. Lakini mrija hauwezi kuibeba. Ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo, nje unaona matone tu. Nimewapokea waliofika wameshaishiwa nguvu, na wote walikuwa wameambiwa wavumilie.

Kizunguzungu, kuzimia, maumivu makali ya ghafla au maumivu kwenye ncha ya bega: ukisikia kimojawapo, mwamshe jirani mwenye gari hata kama ni saa nane usiku.

Omba ultrasaundi, na kwa mimba changa hivyo ile ya kupitia ukeni huona vizuri zaidi. Mkojo upimwe, maana UTI nayo huuma chini ya tumbo. Wapime na kundi la damu. Kutapika usikudharau: mkojo ukiwa wa rangi ya chai na hata maji hayakai, utahitaji dripu. Na kama umeanza kula udongo wa pemba, acha.

Mama mkwe mheshimu. Majirani wasijue, sawa, ila daktari lazima ajue.

Binti wa Pasua
Mama, nimetoka huko sasa hivi. Mimba iko ndani ya kizazi na mapigo ya moyo nimeyaona! UTI ipo, nimepewa dawa. Wamesema kundi langu ni O hasi. Mume wangu hajui lake. Ina shida?

Mkunga mstaafu
Namshukuru Mungu, nilikuwa nakuwazia. Mume naye apime. Akiwa chanya, mtoto anaweza kuwa chanya, na mwili wako ukatengeneza kinga itakayoishambulia damu ya watoto wa baadaye. Kuna sindano ya kuzuia hilo, anti-D. Kwa kawaida huchomwa wiki ya 28, tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya. Anza kliniki sasa, kundi liandikwe kwenye kadi, na uulize mapema sindano hiyo inapatikana wapi na kwa bei gani, mjipange. Dozi ya UTI imalize hata maumivu yakiisha. Damu ikirudi, nenda hospitali kwanza, humu utatuandikia baadaye.