Mrejesho: mazoezi ya bastola na mama watoto

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza: hapa Houston mimi na mke wangu kila mtu ana bastola, je, jambazi akivunja mlango usiku tufanyeje tusidhuriane?

Tumepata mwalimu. Jumamosi tatu za kwanza hatukugusa risasi hata moja! Siku ya kwanza tu nilikatiza mbele ya mtutu wa mke wangu, mazoezi yakasimamishwa. Sasa hasogei mtu bila kusema "nasogea" na kujibiwa "sogea". Kiswahili raha, jambazi haambulii kitu.

Jambazi akija, mwalimu kasema mke wangu abaki chumbani na watoto, apige 911 (namba ya dharura ya huku Marekani) na kuwaeleza polisi nimevaa nini, wasije wakanimaliza mimi. Mimi nilinde mlango wa chumba, sebuleni nisiende. Nilitaka ushujaa, nikakatazwa.

Bado mke wangu akishtuka kidole kinakimbilia triga. Jumamosi tunarudi.