Tupeane uzoefu: nani aliwahi kuambiwa "mtoto amechoka" akiwa leba?

mama_wa_mbagala
Habari zenu wapendwa. Juzi mwanangu katimiza mwaka mmoja. Keki imeliwa, wageni wameondoka, nikafungua bahasha ya makaratasi ya hospitali ambayo sikuwahi kuigusa. Ndani kuna nakala ya chati ya leba. Juu kabisa kuna mstari wa nukta za mapigo ya moyo wa mtoto: 144, 140, 148, 136, halafu ghafla 104, 96, 92. Yote yakanirudia.

Nilikuwa nimefunguka sentimita 6. Nesi akaja na kile cha mbao kama tarumbeta ndogo, akakibana tumboni, akaweka sikio. Siku nzima alikuwa anasikiliza, anaandika, anaondoka. Safari hii akakihamisha. Akakihamisha tena. Akanishika mkono kwenye mshipa, macho kwenye saa ya ukutani. Kisha akamwita mwenzake kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyonitisha. Wakanilaza ubavu wa kushoto, dripu ya kuongeza uchungu ikafungwa isiendelee, nikaambiwa maneno mawili tu: mtoto amechoka. Nikadhani amechoka kama sisi tunavyochoka, apumzike kidogo tuendelee. Kumbe naenda kupasuliwa! Katoka kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, akakaa kimya kidogo, ndipo akalia.

Walisikia nini hasa? Mliopitia haya, karibuni.

dereva_wa_mwanza
Mimi baba, naruhusiwa? Mimba ya kwanza nilinunua mtandaoni kidopla cha nyumbani, kile kidude cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, nikajiona nimekuwa daktari. Usiku mmoja saa nane napima, kinasoma 88. Nilikuwa nimeshasoma kwamba chini ya 110 si salama. Sikumwambia mke kitu, nikamtoa kitandani na kanga yake, bodaboda mpaka hospitali. Mkunga akatusikiliza, akaweka dopla yake tumboni huku mkono mwingine umemshika mke wangu kwenye mshipa. Akasogeza. 146. Akaniangalia: "Baba, ulikuwa unapima moyo wa mkeo."

Kile kidude kiko kabatini hadi leo. Mke akitaka kunitania ananiita dokta.

mkunga_mstaafu
Dereva, wewe ulikimbia hospitali, umepona. Wanaonitisha ni wale ambao mtoto amepunguza kucheza, wanapima nyumbani, wanasikia "du-du-du", wanalala. Kumbe waliyosikia ni damu yao wenyewe.

Mama wa Mbagala, nikujibu. Mtoto mwenye hali nzuri moyo wake unapiga kati ya 110 na 160 kwa dakika. Lakini namba peke yake haisemi mengi. Uchungu ukishika, misuli ya mfuko wa uzazi inabana mishipa, damu inayofika kwenye kondo inapungua, mtoto anaishi kwa akiba yake ya oksijeni mpaka uchungu uachie. Kwa hiyo tunasikiliza uchungu ukiwa ndio unaachia, dakika nzima, si robo dakika mara nne. Moyo ukishuka pamoja na uchungu na kurudi pamoja nao, mara nyingi ni kichwa kinabanwa njiani. Ukidondoka ghafla na kupanda ghafla, tunafikiria kitovu. Ukianza kushuka uchungu umeshapita kileleni, ukachelewa kurudi, na ukafanya hivyo tena na tena, akiba inaisha. Huyo ndiye tunayesema amechoka. Kukugeuza kushoto ni kuondoa uzito wa tumbo kwenye mishipa mikubwa ya mgongoni, kufunga dripu ni kumpa mtoto nafasi ya kuvuta pumzi kati ya uchungu na uchungu. Nawasifu waliokuhudumia, isipokuwa hilo la kutokukueleza.

chipukizi_tz
Eti mapigo yakizidi 140 ni wa kike? Mama mkwe ameshashona magauni.

mkunga_mstaafu
Mwambie ashone na kaptula. Mtoto huyo huyo akilala anashuka, akicheza anapanda.

binti_kisauni
Mie naandika kutoka Mombasa, na langu lina uchungu wake. Hospitali ya kibinafsi, nikafungwa mikanda miwili ya mashine tumboni, mmoja wa moyo, mmoja wa uchungu. Kwa muda wa saa sita nimelala chali kama samaki sokoni, siruhusiwi kutembea maana waya utachomoka. Karatasi inatoka, kila anayepita anaishika, anakunja uso. Mara "haitupendezi hii". Nikapasuliwa. Mtoto katoka analia kabla hajamalizika kutoka, mzima buheri wa afya. Nashukuru Mungu, lakini nikiligusa hili kovu najiuliza: karatasi ilisema kweli?

mkunga_mstaafu
Pole mwanangu. Mashine ile ni hodari wa kukuhakikishia kwamba mtoto yuko salama. Ikisema hayuko salama, mara nyingi inakosea. Tafiti zilizolinganisha mashine ya mfululizo na kusikiliza kwa vipindi zilikuta degedege kwa watoto wachanga limepungua karibu nusu, vifo havikutofautiana, na upasuaji ukaongezeka. Ndiyo maana mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2018 hauipendekezi kwa mama mzima aliyeanza uchungu mwenyewe. Unasema sikiliza kwa dopla au fetoskopu, kile cha mbao, kila dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Na kulala chali saa sita, hapo hata mimi moyo wangu ungeshuka.

mdau_leicester
Huku Uingereza niliingia na wiki 34, mtoto hachezi kama kawaida yake. Mikanda hiyo hiyo, ila karatasi haikusomwa kwa macho tu, kuna programu inayoichambua. Mkunga alinieleza ni kazi ya Dawes na Redman wa Oxford. Inapima jinsi nafasi kati ya pigo na pigo inavyobadilikabadilika, kwa sehemu ndogo za sekunde ambazo sikio haliwezi kuzishika. Moyo wa mtoto mwenye nguvu hauendi kama saa ya ukutani, kila wakati unayumba kidogo. Ukinyooka sana ndipo wanakuwa na wasiwasi. Hiyo programu ni ya kabla ya uchungu tu, leba haitumiki.

Dakika 10: vigezo havijatimia. 20: bado. Nikaanza kusali. Mkunga hana habari, ananiambia huenda kalala, watoto wa tumboni wanalala hadi dakika 40. Dakika ya 34 kajamaa kakaamka, mstari ukaruka kama milima ya Usambara, skrini ikasema vimetimia. Nililia kuliko siku niliyojifungua.

mkunga_mstaafu
Hilo la kunyooka limenigusa, acha nitubu hapa kwa kuwa hamnijui. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, tulikuwa wawili zamu moja, kina mama tisa kwenye uchungu. Kila mmoja asikilizwe kila nusu saa: kupata mgongo wa mtoto, dakika nzima ya kuhesabu, mshipa wa mama, kuandika. Halafu wawili wanasukuma kwa pamoja na hao ni kila dakika tano. Hesabu hiyo haiingii. Alfajiri nikakaa na chati nikajaza: 140, 140, 140, 140. Mganga mkuu alipopita asubuhi akaweka rula juu ya nukta zangu. Hakusema neno. Zililala kwenye rula zote.

fundi_vifaa_tiba
Mama, na kwa sababu hiyo kilitengenezwa kile kipima mapigo kinachoitwa Moyo, jina la Kiswahili kabisa ingawa watengenezaji, Laerdal, ni wa Norway. Kinafungwa kwa mkanda, kinatembea na betri, mama anaweza kusimama nacho. Akigusa kwa vidole kinaonyesha mapigo yake mwenyewe, ili yasichanganywe na ya mtoto. Kilijaribiwa hapa hapa, hospitali za Haydom na Muhimbili, na kilikamata kasoro nyingi kuliko fetoskopu. Kinalia chenyewe mapigo yakitoka kwenye mstari. Nimetengeneza viwili vilivyozimwa sauti kwa plasta. Sikuuliza nani kaziba. Kengele inalia na daktari wa upasuaji yuko chumba cha ndani na mgonjwa mwingine, utafanyaje?

asubuhi_njema
Mimi walisema hawasikii. Wakaleta dopla, wakaita mwingine, akaja na kipimo cha picha, akageuza skrini upande wake. Alikuwa ameacha kucheza tangu Ijumaa. Nilienda Jumatatu kwa sababu Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yangu ya kliniki.

mama_wa_mbagala
Pole sana dada yangu. Sina neno.

mkunga_mstaafu
Pole mwanangu. Haikuwa kosa lako, na hukuambiwa. Wengine mnaosoma: mtoto akibadili mchezo wake, nenda siku hiyo hiyo, iwe Jumapili, iwe usiku. Kadi ya kliniki haina uhusiano na hilo.

chipukizi_tz
Nina wiki 37, na uzi huu umeninyima usingizi. Kesho naenda na mume, nitauliza namba.

chipukizi_tz
Tumerudi. Nimeuliza, nesi kashangaa kidogo halafu kanijibu vizuri: 138. Mume akaomba na yeye asikilize. Akainama, mikono nyuma kama alivyoelekezwa, sikio kwenye ile mbao. "Sisikii kitu, nasikia tumbo linanguruma." Nesi akasogeza vidole viwili kuelekea kitovuni, akamwambia asipumue, asikilize kama saa ya mkono iliyofunikwa na mto. Akanyamaza. Foleni nje ilikuwa hadi mlangoni, nesi akamgonga begani mara ya kwanza, hakuinuka.