Starrcade 1997: tulingoja miezi 15, halafu refa akahesabu tatu za kawaida kabisa!

Wakuu, salaam.

Sikupanga kufungua uzi wiki hii. Ila tangu juzi nasoma watu wanavyoisifia Starrcade 1997, lile onyesho kubwa la mieleka la kampuni ya WCW, wengine wanaiweka namba moja katika usiku wote wa WCW, na sababu wanayotoa ni kwamba iliuzwa sana. Ni kweli iliuzwa. WCW haikuwahi kuwa na onyesho la kulipia lililonunuliwa na watu wengi kuliko lile. Lakini mtu akishalipa ndipo anafungua mzigo aone amepewa nini, na mimi nazungumzia hicho alichopewa. Jumamosi nimekaa nikaitazama yote upya, pambano la kwanza hadi la nane, sikuruka hata dakika moja. Hasira niliyoiacha miaka ile imerudi nzima nzima.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwepo, niwaeleze kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini mtu mzima anagombana na kanda ya zamani.

Julai 7, 1996, pale Daytona Beach, Hulk Hogan, steringi wa mieleka kwa zaidi ya miaka kumi, aliwageuka mashabiki, akaungana na Scott Hall na Kevin Nash. Hapo ndipo kundi la nWo lilipozaliwa. Mwezi uliofuata akamnyang'anya The Giant mkanda wa dunia, wakaupulizia rangi herufi zao juu yake. Kuanzia hapo kila wiki ni watu watano kumvamia mmoja.

Na WCW ilikuwa na mwana wake mmoja wa nyumbani: Sting. Wakati wakubwa wengine walikuwa wanahama kwenda kwa Vince McMahon, mwenye kampuni pinzani ya WWF, na kurudi, yeye alibaki. Septemba 1996 nWo walimtengeneza Sting bandia, na wenzake wa WCW wakaamini kwamba kweli amewasaliti. Akawapa mgongo. Zile rangi zake za kung'aa akaziacha, akarudi uso umepakwa nyeupe na nyeusi, koti refu jeusi, gongo la besiboli mkononi, mdomo umefungwa. Anakaa juu kabisa, kwenye vyuma vya paa la ukumbi, anawatazama. Siku nyingine anateremka kwa kamba, anagawa vipigo, anaondoka. Miezi 15 mtu huyu hakupigana pambano hata moja kwenye televisheni, na bado ukumbi ulikuwa unamlilia yeye kuliko wote waliokuwa wanatoka jasho ulingoni.

Kumfanya mtu apendwe hivyo bila kupigana na bila kusema ni kazi kubwa mno, na walioifanya nawapa heshima yao. Ndiyo maana sitawasamehe kwa walichofanya Desemba 28, 1997, pale MCI Center, Washington, usiku ambao Sting hatimaye alirudi kupambana na Hogan kugombea mkanda.

Twende kwenye mapambano.

La kwanza, Eddie Guerrero na Dean Malenko, mkanda wa uzito mwepesi. Karibu dakika 15. Hili sina ugomvi nalo. Mtazameni Guerrero anavyofanya kazi ya kuwachukiza watu: hata anavyoinuka kutoka chini unataka apigwe. Malenko ni fundi, kila mshiko una maana. Guerrero akabaki na mkanda wake, na mimi nikasema moyoni, basi usiku umeanza vizuri.

Haukuendelea vizuri. Scott Hall akatoka kutuambia Kevin Nash hayupo. Nash alitakiwa apambane na The Giant, pambano lililotangazwa, lililouziwa watu. Hakufika. Giant akamnyanyua Hall akambwaga kwa nguvu, ndiyo fidia yenyewe hiyo. Watu wamelipa, wamekaa, wanaambiwa mmoja wa majina makubwa kabisa ya usiku hakuja.

Likafuata la watu sita: Randy Savage, Scott Norton na Vincent dhidi ya Steiner Brothers na Ray Traylor. nWo wakashinda. Goldberg akammaliza Steve McMichael ndani ya dakika sita, sawa, alikuwa bado anakua. Raven alitakiwa apigane na Chris Benoit, akamsukumia Saturn mahali pake, kundi lake likaingilia, Saturn akashinda. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi hadi hapo mtu aliyetangazwa ndiye aliyekuja kupigana.

Halafu Lex Luger na Buff Bagwell. Wakuu, hili ndilo lilikuwa pambano refu kuliko yote usiku ule. Dakika 16 na zaidi! Bagwell anatunisha misuli, anazunguka, anasimama, anatunisha tena. Luger, mtu aliyemfanya Hogan asalimu amri Agosti ya mwaka ule ule na kumvua mkanda kwa siku tano, analazwa na Bagwell baada ya wenzake wa nWo kuingilia. Nauliza kwa dhati: nani aliona usiku huu unahitaji dakika 16 za Bagwell, wakati Sting na Hogan walipewa chini ya 13? Ric Flair hakupangiwa pambano. Ric Flair! Starrcade ya kwanza kabisa, 1983, pale Greensboro, ilisimama juu ya mabega yake dhidi ya Harley Race. Rey Mysterio hakupangiwa, Booker T hakupangiwa, Chris Jericho hakupangiwa. Bagwell dakika 16.

Diamond Dallas Page alimpiga Curt Hennig akachukua mkanda wa Marekani. Safi, watu walifurahi, hakuna longolongo. Kumbe walikuwa wanajua! Kumbe walijua kumpa mtu anayependwa ushindi ulionyooka na kumwacha ashangilie! Hili linaniuma kuliko kama kusingekuwa na yeyote aliyeshinda hivyo.

La saba, Larry Zbyszko, mtangazaji, miaka 46, dhidi ya Eric Bischoff, bosi mwenyewe wa kampuni, anayerusha mateke ya karate. Kinachogombaniwa ni nani ataitawala Nitro, kipindi cha WCW cha kila wiki. Bret Hart ndiye refa. Hall akampachika Bischoff kipande cha chuma mguuni, Hart akawaadhibu wote wawili, Zbyszko akapewa ushindi. Dakika 11 za bosi kwenye pambano la pili kwa ukubwa. Mnaiona tofauti? Bosi amejipa dakika 11, Sting aliyengojewa miezi 15 kapewa mbili tu za ziada.

Sasa la nane.

Mpango ulikuwa hivi, na uliandikwa kwa kumtumia Bret Hart. Wiki saba kabla, Novemba 9, pale Montreal, Hart alifanyiwa kitendo kibaya na McMahon: Shawn Michaels kamkamata mshiko, Hart hajasalimu amri, kengele ikaamriwa ipigwe, mkanda ukaondoka. Dunia nzima ya mieleka ilikuwa inazungumzia hilo. WCW wakamchukua Hart, na wakataka aonekane mtu aliyedhulumiwa, ambaye sasa anakataa mwingine adhulumiwe. Kwa hiyo refa Nick Patrick, aliyewahi kuwa upande wa nWo, ilibidi amhesabie Sting, akiwa amelaliwa na Hogan, haraka haraka, moja-mbili-tatu kwa pumzi moja, ili kila mtu ukumbini aone wizi. Hapo Hart anaingia, anazuia kengele, anasema haitatokea tena, pambano linaendelea, Sting anashinda.

Mpango wote ulisimama juu ya mkono wa Patrick. Kitu kimoja tu: ahesabu haraka.

Hogan akampiga Sting karibu pambano zima. Akamdondoshea mguu wake ule wa siku zote, akamlalia. Patrick akapiga moja. Akapiga mbili. Akapiga tatu. Kasi ile ile ambayo refa yeyote amehesabu usiku wowote. Sting hakuinua bega. Sting alishindwa! Kwa sheria ya mchezo wenyewe, mbele ya macho ya watu wote, shujaa tuliyemngoja miezi 15 alilazwa na Hogan kihalali, tatu safi, katikati ya ulingo.

Halafu Hart anakuja anapiga kelele kwamba kuna dhuluma. Dhuluma ipi? Anampiga refa aliyefanya kazi yake, anamrudisha Hogan ulingoni. Sting anawafagia Bagwell na Norton waliokuja kuingilia, anamrukia Hogan kwenye kona, anamfunga miguu, anamgeuza kifudifudi, anamkunja mgongo, Hart anatangaza Hogan kasalimu amri. WCW nzima inakimbilia ulingoni kushangilia. Wanashangilia nini? Hogan ndiye aliyeonekana kaibiwa!

Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa kwenye kibanda cha video mtaani kwetu Tanga, kanda imetembea mikono mingi hadi picha inacheza. Tulibanana kwenye mabenchi, wengine wamesimama mlangoni. Sting alipotokea, kibanda kililipuka. Patrick alipopiga tatu, kimya. Si kimya cha hasira, kimya cha watu wasioelewa. Kaka mwenye kibanda akasema, "Kahesabu haraka huyo." Akarudisha kanda. Tukahesabu wote kwa sauti pamoja na mkono wa Patrick. Moja. Mbili. Tatu. Akarudisha tena. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akainuka, akavaa kandambili zake, akasema, "Si amepigwa huyu, mnabishana nini?" Akatoka. Wakuu, yule mzee alikuwa amefuatilia kanda zote za mwaka mzima kabla ya hiyo. Sikumwona tena akija siku za mieleka.

Wahusika mpaka leo wanatupiana lawama. Bischoff amesema hadharani kwamba Sting alifika hayuko sawa kimwili. Wengine wanamnyooshea kidole Hogan, ambaye mkataba wake ulimpa sauti juu ya nini kinatokea kwenye mapambano yake. Sawa, na tuseme Sting alifika amechoka na matatizo yake ya nyumbani. Ndiyo hoja ya kumfanya alazwe? Mtu aliyechoka unampa dakika tano, anaingia, anapiga, anafunga miguu, kwisha. Hata ukumbi usingehitaji zaidi ya hapo. Pambano fupi ndilo lingemficha.

Na wale mtakaokuja hapa kuniambia "kaka, mieleka ni maigizo, unakasirikia nini": hilo ndilo linalonikasirisha hasa. Mpiga penalti akikosa, naelewa, kuna kipa, kuna uwanja wenye maji, kuna miguu inayotetemeka. Hapa hakukuwa na mpinzani. Hogan, Sting, Patrick, Hart, Bischoff, wote walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja, mwisho umeandikwa, unajulikana. Ukiwa umepanga kila kitu mwenyewe, na bado ukashindwa kumfanya mtu wako ashinde, utamlaumu nani? Wamekula ng'ombe mzima wakashindwa mkia.

Na hawakuishia hapo. Kesho yake Nitro wakawarudisha Sting na Hogan ulingoni, matangazo yakakatika kabla pambano halijaisha. Januari 8 mkanda ukaondolewa kwa Sting, ukawekwa kando bila mwenyewe. Siku kumi na moja! Miezi 15 ya kungoja, siku kumi na moja za ubingwa. Ilibidi aje aupiganie upya Februari 22 pale San Francisco, na hata hapo Savage ndiye aliyemsaidia. Aprili 19 akaupoteza kwa Savage. Aprili 20 Hogan akampiga Savage, akarudi nao nyumbani. Chini ya miezi minne, kila kitu kimerudi palepale tulipokuwa, kana kwamba Sting hakuwahi kupanda juu ya lile paa.

Wiki moja kabla ya hapo, Aprili 13, Raw, kipindi cha McMahon, iliishinda Nitro kwa watazamaji, mara ya kwanza tangu Juni 1996. Sisemi ni hesabu ya Patrick peke yake, kule upande wa pili Steve Austin alikuwa anawaka moto. Lakini mtu akinieleza kwamba WCW ilikufa 2001 kwa sababu ya mikataba ya televisheni na mabosi wapya, nitamkubalia nusu. Nusu nyingine iko kwenye wale mashabiki kama mzee wa kandambili.

Kwa hiyo wewe unayeiweka namba moja, nakuomba jambo moja tu kabla hujanijibu. Fungua pambano la mwisho. Zima sauti, usiwasikilize watangazaji wanaojitahidi kukuambia umeona usichokiona. Hogan akishamlalia, hesabu na Patrick. Kisha nenda pambano la Page na Hennig, hesabu na refa wa pale. Uje uniambie hapa ni ipi iliyokuwa ya haraka. Nitakuwepo usiku wote.