Je, niendelee kuichangia redio ya mtaani isiyoonyesha hesabu zake?

Msikilizaji wa Kadutu

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo linalonisumbua roho. Hapa Bukavu kuna redio moja ya jamii, nisiyotaka kuitaja jina, ambayo nyumbani kwetu haizimwi. Kila mwezi huwa naitumia dola tano kwa simu, kwa kuwa ndiyo inayotueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kama barabara ya Kamanyola inapitika, unga umefika bei gani sokoni, nani amefariki, na matanga yako mtaa gani. Mama yangu hajui kusoma, na tangazo la saa sita mchana ndilo gazeti lake.

Hivi karibuni, hata hivyo, mwanasiasa mmoja alipewa saa nzima ya jioni akajisifu apendavyo. Mtangazaji hakumuuliza swali lolote la maana, wala hatukuambiwa kwamba kipindi kile kimelipiwa. Nilipopiga simu kuuliza michango yetu inafanya kazi gani, nilijibiwa kwa upole kwamba "inasaidia redio", na maongezi yakaishia hapo. Naipenda redio hii, na siku ikinyamaza tutapata hasara kubwa. Lakini naona uchungu kutoa fedha kwa mtu anayeuza masikio yangu kwa mwingine. Ninyi mngefanyaje?

Fundi mstaafu, Ibanda

Ndugu, nimefanya kazi ya mitambo katika redio za namna hiyo, nami nakueleza nilichokiona. Gharama inayokula zaidi ni mafuta. Umeme ukikatika, jenereta lazima iwake, na mtambo wa kurushia matangazo haujali kama siku hiyo kuna tangazo la kulipiwa au hakuna. Mji wetu nao ni wa vilima, na mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka: kilima kikiyakinga, anayekaa nyuma yake hasikii kitu, kwa hiyo mnara hupandishwa juu, na kupandisha mafuta na walinzi huko ni gharama nyingine. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachogawanywa kwa waandishi, na mara nyingi hakibaki kitu.

Hapo ndipo ubaya unapoingia. Mwandishi asiye na mshahara huenda kwenye mkutano wa mkubwa fulani, akapewa bahasha ya "nauli", akarudi studio na habari iliyokwisha kuamuliwa na mwenye bahasha. Simtetei, lakini nimewaona vijana wenye kipaji wakifanya hivyo kwa sababu watoto wao walikuwa wamefukuzwa shule kwa ajili ya ada. Saa ya yule mwanasiasa huenda ndiyo iliyonunua mafuta ya wiki. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuficha: kipindi kilichonunuliwa kitangazwe mwanzo na mwisho kwamba kimenunuliwa, ili msikilizaji akipime mwenyewe.

Mama wa Bagira

Mimi niliacha kuchanga, wala sijutii. Hata likirimba letu la akina mama, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, lina daftari, na kila anayetoa huliona. Redio inayowadai wakubwa uwazi kila asubuhi haina sababu ya kutuficha daftari lake.

Mwanafunzi, Nguba

Mama, nakuheshimu, lakini naogopa kwamba sisi wadogo tukiondoka wote, watabaki wenye fedha nyingi peke yao, na redio itakuwa yao kabisa. Redio Okapi ilianza Februari 2002 kwa nguvu za Umoja wa Mataifa na shirika la Uswisi, Fondation Hirondelle, ikatuzoesha habari isiyouzwa. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa katika mji huu huu. Kazi hiyo ina thamani kubwa, ila bajeti yake haijatoka mifukoni mwetu, na mfadhili wa mbali anaweza kuondoka siku yoyote.

Tazameni Marekani: Julai 2025 Bunge lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma kwa miaka miwili, na vituo vidogo vya vijijini, vilivyozitegemea zaidi, ndivyo vilivyoumia kwanza. Lakini huko, vituo vilivyopokea fedha hizo vilitakiwa kuweka wazi hesabu zilizokaguliwa, mtu yeyote azione. Hapo nakubaliana na Mama: tuchange, na tudai.

Msikilizaji wa Kadutu

Asanteni sana. Mchango wa mwezi huu nitautoa, kwa sababu ya mafuta na kwa sababu ya mama yangu. Pamoja na majirani tutaandika barua kwa mkurugenzi tukiomba mambo mawili: vipindi vya kulipiwa vitajwe hivyo hewani, na mapato na matumizi yasomwe hewani kila baada ya miezi mitatu. Wakikataa, nitaacha kuchanga, nami nitawaeleza sababu.

Fundi mstaafu, Ibanda

Barua isiende kwa mkurugenzi peke yake. Redio nyingi za jamii zimeandikishwa kama shirika lisilo la faida, na katika shirika la namna hiyo mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye neno la mwisho. Ulizeni pia masharti ya kuwa mwanachama, kwani mwanachama ana haki ya kupiga kura, na mchangiaji hana.