Mrejesho: kitunguu saumu na ubwiri unga wa matango

Niliuliza kwa nini dawa ya kitunguu saumu haizuii ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu unaoacha unga mweupe kwenye majani) kwenye matango. Mlisema kweli: kosa lilikuwa kuichemsha. Alisini, kemikali ya kitunguu saumu inayopambana na ukungu, huzaliwa punje zikipondwa, na moto huiharibu.

Sasa ni gramu 100 za punje mbichi, zinapondwa, zinaachwa dakika 10, ndipo maji baridi lita 2. Chuja kwa kitambaa mara mbili, la sivyo nozeli (mdomo wa bomba la kupulizia) itaziba. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai tu. Ikizidi, kingo za majani huungua (jaribuni jani moja kwanza). Pulizeni jioni, hadi chini ya jani, siku hiyohiyo. Ikilala hupungua nguvu.

Majani yaliyokwisha kuvaa unga mweupe hayakupona, nimeyakata. Machanga ya juu bado safi. Narudia kila siku 7, au mvua ikiisuuza.