Waliofuga paka chotara wenye nguvu nyingi, tupeane uzoefu wa kuwachangamsha na kuwazoesha watu

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandika baada ya kurudi kazini na kukuta chandarua cha pili mwezi huu kimeraruliwa kutoka juu hadi chini. Paka wangu ni wa aina ya Bengal, jike la miezi 11, niliyeachiwa na familia iliyokuwa hapa kwa kazi za gesi na sasa imehama. Ana madoa kama ya chui, anaitwa Upepo, na jina linamfaa. Mchana kutwa ninakuwa kazini. Usiku anakimbia juu ya makabati, anavuta droo kwa mguu mpaka zinafunguka, anaingia kwenye ndoo ya maji niliyoyakinga, na alfajiri analia mlangoni kwa sauti ambayo imemfanya jirani aniulize mara mbili kama nimepata mtoto mchanga. Wageni wakija hupanda juu ya kabati na hashuki hadi waage. Simpigi, na sina nia ya kumgawa. Nataka kusikia kwa mtu aliyeishi na paka wa namna hii: mlimpa shughuli gani, na mliwezaje kumfanya asiogope watu?

Kijana wa Mtanda, Lindi

Hayo ya droo na ndoo ya maji ndiyo maisha yetu hapa nyumbani kila siku. Nipo, ninasubiri majibu.

Baba wa Mikindani

Dada wa Shangani, swali lako limenirudisha kwenye siku ambayo nyumbani kwangu hatupendi kuizungumzia. Tulikuwa naye, na bado tunaye, dume wa Bengal anayeitwa Kanga kwa sababu ya madoa yake. Alikuja akiwa na miezi minne, nasi tukadhani kwamba kumpenda kunatosha. Tulimfungia ndani ili asiibwe, tukampa samaki, tukampapasa, basi. Hakuwahi kuonana na binadamu mwingine isipokuwa sisi watano wa nyumba ile.

Ilikuwa Februari, mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, na fundi alikuja kuziba bati lililokuwa likivuja. Dirisha la bafuni likaachwa wazi, Kanga akatoka. Mtaa mzima haukujua kwamba ndani ya nyumba yetu kuna paka mwenye madoa. Kwenye saa kumi na moja jioni mtoto wa jirani akamwona juu ya ukuta wa banda la kuku, akapiga ukelele wa chui. Nilipotoka nilikuta wanaume wasiopungua ishirini, wengine na panga, wengine na mawe, na mmoja alikuwa na chusa aliyotoka nayo baharini. Siwalaumu hata kidogo. Mikoa yetu hii chui si mnyama wa hadithi, na mtu anayewalinda wanawe hawezi kusimama akapima urefu wa mkia. Jiwe moja lilishampata Kanga mguu wa nyuma, akakimbilia ufukweni na kujibana chini ya mtumbwi uliopinduliwa.

Mke wangu alikimbia bila viatu, akajilaza kifudifudi kwenye matope mbele ya mtumbwi ule, akakataa kuondoka. Alimwita kwa jina, hakutoka. Alimwonyesha samaki, hakutoka. Ndipo binti yetu mdogo akakumbuka sahani ya bati tuliyokuwa tukiigonga kwa kijiko wakati wa kumlisha, akaenda kuileta. Tuliigonga kwa zaidi ya saa mbili, giza likaingia, na mzee mmoja aliyekuwa amekuja na rungu ndiye aliyewatawanya watu, kisha akabaki nasi akimulika kwa simu yake. Kanga alitoka akitambaa kuelekea kwenye ile sauti.

Mfupa haukuvunjika, lakini kwa miezi kadhaa kila mvua ilipopiga bati alitetemeka na kujikojolea. Ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa sijamzoesha Kanga kwa watu, na watu nilikuwa sijawazoesha kwa Kanga. Nikamshonea mkanda wa kifuani, nikaanza kukaa naye uani, kisha barazani, kila siku kabla ya Magharibi, dakika kumi tu mwanzoni. Watoto wa mtaa niliwaomba wakae chini, wasimkodolee macho, na kila mmoja aweke dagaa mmoja sakafuni kisha aondoe mkono. Ilichukua karibu miezi mitano. Leo wanaomwita jina barabarani ni wengi kuliko wanaoniita mimi.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Nimesoma nikasimama katikati, nikaenda kumtazama Upepo. Poleni sana. Hapa mtaani kwangu pia hakuna anayejua kwamba ninaye.

Mama wa Kilwa Masoko

Huyo mzee wa rungu Mungu amzidishie umri. Je, alirudi tena kumwona Kanga?

Mfanyabiashara wa Nachingwea

Kwa heshima zote, mimi naona tunajidanganya. Huyo ni mnyama wa porini, ana damu ya mondo, na mondo ninawafahamu kwa sababu wamenimalizia kuku na kanga tangu nikiwa kijana. Mnyama wa pori apelekwe kwa watu wa wanyamapori. Kumvalisha mkanda na kumlisha dagaa barazani ni kuchezea hatari mbele ya watoto.

Mtaalamu wa mifugo mstaafu, Masasi

Ndugu yangu wa Nachingwea, hapo umechanganya wanyama wawili. Bengal hana damu ya mondo. Asili yake ni paka-chui wa Asia, mnyama mdogo wa msituni anayekaribiana kwa ukubwa na paka wa kufugwa, ambaye Jean Mill wa Marekani alimpandisha na paka wa nyumbani mwaka 1963, kisha akaiendeleza aina hiyo katika miaka ya 1980. Chotara wa mondo anaitwa Savannah, na mtoto wa kwanza alizaliwa hukohuko Marekani mwaka 1986. Bengal wanaofugwa majumbani kwa kawaida wako vizazi vinne au zaidi mbali na yule wa msituni. Ama mondo mwenyewe, ni kweli kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga bila kibali, lakini sheria hiyo usiitumie kumtisha dada mwenye paka wake.

Mfanyabiashara wa Nachingwea

Vizazi vinne ni vichache sana, mzee wangu. Silika haiishi haraka hivyo.

Mtaalamu wa mifugo mstaafu, Masasi

Haiishi, na sijasema imeisha. Hata paka wa kawaida aliyelala jikoni kwako ana silika ya kuwinda, na ndiyo maana unamfuga. Tofauti ni kwamba huyu nguvu zake ni nyingi zaidi, na asipopewa windo atawinda chandarua.

Mwalimu wa Newala

Naomba niongeze langu, ingawa paka wangu hakutoka Ulaya wala Marekani. Huku uwandani kimburu, yaani paka-mwitu, hushuka hadi mikoroshoni na kupandana na paka wa nyumbani, na chotara wao tunawaona. Miaka sita iliyopita paka wa mama yangu aliyekuwa amezaa na kimburu aligongwa na pikipiki, akaacha watoto wawili wa wiki tatu hivi. Mmoja nilimchukua mimi, nikawa ninambeba kwenye kanga nikipika, nikisahihisha madaftari, wanafunzi wakija nyumbani wanampokezana. Mwingine alichukuliwa na mjomba wangu, akamweka stoo ya korosho akue akikamata panya, na aliyemwona ni mtu wa kumpelekea chakula tu.

Ni ndugu wa tumbo moja, lakini ukiwaona leo huwezi kuamini. Wangu, tunayemwita Chale kwa mistari ya usoni, hulala miguuni pa mgeni asiyemjua. Yule wa mjomba hajawahi kushikwa na mtu, na alipofikisha mwaka alihama kabisa. Baadaye daktari wa mifugo alinieleza kwamba kati ya wiki ya pili na ya saba hivi ndipo kitoto cha paka hujifunza nani ni rafiki. Baada ya hapo inawezekana, ila kwa kazi kubwa, kama alivyoeleza Baba wa Mikindani.

Hata hivyo sikubaliani naye kuhusu mkanda. Chale anatoka na kurudi apendavyo, na ndiyo sababu hararui kitu. Ninamfungia msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho peke yake, kwa sababu alikuwa akirudi na unga mwilini kisha anaulamba.

Baba wa Mikindani

Mwalimu, nakuheshimu, lakini Chale ana rangi ya paka anayejulikana na kila mtu. Mwenye madoa ya chui akitoka apendavyo, siku moja hatarudi. Niliyaona kwa macho yangu.

Mwalimu wa Newala

Hapo umenishinda, kaka. Nilizungumzia wangu tu.

Mama wa Kilwa Masoko

Dada, mtafutie mwenzake. Wangu waliacha uharibifu tangu walipokuwa wawili.

Kijana wa Mtanda, Lindi

Mimi nilimletea mwenzake siku moja tu na kuwaacha chumba kimoja. Walipigana hadi mmoja akachanika sikio, na sasa hawawezi kuonana. Asikimbilie hilo.

Mtaalamu wa mifugo mstaafu, Masasi

Nyote wawili mna ukweli. Tatizo la kijana ni haraka. Watenganishwe kwa mlango, wanuse matambara ya kila mmoja, wale wakiwa pande mbili za mlango uleule kwa siku nyingi, ndipo waonane.

Lakini kwa Upepo ningeanza na usiku wake. Paka huwinda, hukamata, hula, hujilamba, kisha hulala, na mpangilio huo unaweza kuuigiza. Funga manyoya ya kuku kwenye kamba na fimbo, uyaburute nyuma ya kiti, yajifiche, yatoke, umwache ayakamate kweli, kwa robo saa hivi kabla ya kulala, kisha hapohapo mpe chakula kikubwa cha siku. Asubuhi ukienda kazini tawanya chakula kidogo kwenye vishimo vya trei ya mayai, au ndani ya chupa ya plastiki yenye matundu, akitafute. Piga rafu imara ukutani, moja juu ya nyingine hadi karibu na dari, na beseni la maji mwachie achezee badala ya ndoo yako. Kamba iondoe mkimaliza, kwa kuwa akiimeza inaweza kumkata utumbo. Mfunge uzazi, kwa sababu kilio cha alfajiri huenda ni joto. Mchanje kichaa cha mbwa. Na akiumwa, asipewe kamwe panado. Hata kidonge kimoja huua paka.

Mkazi wa Shangani, Mtwara

Asanteni sana. Trei za mayai ninazo, na jirani wa kwanza nitamkaribisha Jumamosi, akae chini asimtazame. Baba wa Mikindani, mama wa Kilwa aliuliza kuhusu yule mzee, nami nina langu: ile sahani niianze vipi?

Baba wa Mikindani

Mzee hupita kila Ijumaa akitoka msikitini, na Kanga humfuata hadi kwenye kona. Kuhusu sahani, chagua moja ya bati, usiibadilishe, na usiigonge kwa jambo jingine lolote. Igonge mara tatu kila unapomwekea chakula, hata kama amekaa miguuni pako anakutazama. Yetu ina bonde pembeni kwa vile ilivyogongwa usiku ule, na ndiyo hiyohiyo tunayomlishia mpaka leo.